Mawe ya Mwenye Mji

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako siku hizi haifiki, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kumwamkia hata mtu aliyelala.

Nianze na habari njema, maana hukupendaga barua inayoanza na kilio. Mwanao nina bahati, Baba. Nina bahati mpaka majirani wa hapa Mukendo wananitazama kwa jicho la pembeni. Chama cha ushirika wamenipa lori jipya! Si lile kongwe lililokuwa linakohoa kama mvuta kiko. Jipya, viti bado vina nailoni yake, ukipanda unasikia harufu ya dukani. Kuna madereva wamesoma mpaka darasa la nane, vyeti vyao wamevitundika ukutani kama picha za harusi, wote wakapitwa, akaitwa Wambura wa darasa la nne. Mimi nimefika Kisumu, nimefika Kampala, nimelala Mombasa na kuamka Mombasa, sijaona gari linalopanda mlima namna hiyo. Na honi yake! Jumamosi, siku ya kuondoa matanga yako, nitakuja nalo mpaka kule mahame, nitalisimamisha palipokuwa zizi, nikupigie honi mpaka kwale waruke.

Honi unaikumbuka. Nikipita barabara ya Nyamuswa na shehena ya pamba nilikuwaga naanza kuipiga mbali kabisa, na wewe shambani unainua jembe juu, halafu unawageukia wenzako na uso umeukunja: "Nani huyo mpumbavu anayetupigia makelele?" Ukijua kabisa ni nani. Binti yako Robi aliniambia ukishasema hivyo ulilima mistari miwili bila kupumzika.

Haya. Sasa nije kwenye shughuli.

Siku tuliyokuzika mambo hayakwenda vizuri, na kwa kuwa ulikuwa umelala, acha nikuelezee. Kwanza mwenyekiti wa kijiji alitaka uzikwe kwenye makaburi ya kijiji, kwa mstari, kama tulivyojengewa nyumba kwa mstari. Nikamwambia mwenyekiti, ndugu, huyu mzee mmemhamisha mara moja akiwa hai, mkimhamisha na akiwa maiti atawasumbua. Akakubali. Tukakurudisha kwenye mji wako wa zamani, kwenye magofu na minyaa, pale ulipomwagiza Robi kwa kinywa chako: "Mnilaze miguuni pa mawe ya mwenye mji." Tukachimba hapo hapo. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Yale mawe tumeyakuta tangu utoto, tulijua ni kaburi la mtu wa kale, basi.

Ndipo mwenyekiti akafungua karatasi asome historia yako. "Marehemu ndugu Zakaria, mtoto wa..." Akaigeuza karatasi nyuma, labda jina limejificha huko. Akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Robi. Na Mzee Kisiri, yule yule wa kilabuni, akasema kwa sauti ya mtu anayedhani amenong'ona: "Mtoto wa ng'ombe."

Watu wakacheka, Baba. Kwenye kaburi lako, udongo bado uko mkononi mwangu. Wanawake walijifunika kanga, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Unajua mdomo wangu. Ulitangulia kusema kabla yangu. "Siku ya kuondoa matanga," nikasema, "nitawaletea hapa jina la babu yangu, na litakuwa jina zito, mtalibeba wawili wawili!" Robi akanivuta koti. Nilikuwa nimeshachelewa.

Maana wewe unaijua desturi kuliko mimi. Siku ile pombe inamwagwa chini na mtu anaitwa: fulani wa fulani wa fulani, mpaka mwisho wa kumbukumbu. Ndiyo anapokelewa. Mtu anayeitwa jina moja tu, halafu watu wakakaa kimya wanatazamana, huyo tumemwacha mlangoni. Na wewe maisha yako yote ulikuwa mlangoni. Mwaka wa Uhuru karani alipopita kuandikisha kadi za chama akauliza, "Zakaria nani?" ukajibu, "Zakaria Zakaria." Kadi ikaandikwa hivyo. Kisa hicho nimekisimulia kwenye mabaa yote kati ya hapa na Mombasa. Kimeninywesha bia nyingi.

Basi nikaanza kumtafuta babu.

Kwanza bomani, hapa Musoma. Ili kuingia masijala unatakiwa barua ya mwenyekiti. Sasa mwenyekiti wetu ana barua ya aina moja tu aliyopigiwa chapa, ile ya kusafirisha mifugo. Akakata neno ng'ombe kwa wino, juu yake akaandika babu. Karani wa masijala akaisoma kwa sauti: "Ndugu Wambura Zakaria anaruhusiwa kusafirisha babu." Akaniuliza, "Ni dume au jike?" Ofisi nzima ikalala mezani kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Laiti ningejua anauliza nini.

Alinitolea makaratasi ya kodi ya enzi za mkoloni, mchwa wamekula pembeni yote. Tulikaa nayo kutwa. Baba, mkoloni aliandika aliyelipa, hakuandika aliyezaa. Lakini kule kwenye vilima vyetu nilimwona mtu mmoja anaitwa Mugaya, amelipia nyumba nyingi kuliko wote, bila shaka mtu wa wake wengi na kifua mbele. Nikampenda pale pale. Nikamwambia karani, "Andika, huyu ndiye." Karani akauliza, "Una ushahidi gani?" Nikasema, "Nitazame kifua." Akafunga jalada. "Ndugu, babu hachaguliwi kama kitenge."

Nikatoka na hasira, lakini Mugaya nilitoka naye kichwani.

Safari ya pili nikapita misheni, upande wa Bunda, pale ulipobatizwa ukiwa mtoto. Padre wa sasa ni mzungu mzee, mpole, Kiswahili chake kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mto. Akanifungulia kitabu cha ubatizo, katekista amesimama nyuma yetu. Ukurasa ukaonekana, na wewe ukawemo. Zakaria. Nilishtuka kukuona mdogo hivyo, jina limeandikwa kwa wino wa kahawia. Mbele yake: Baba, Wankyo. Mama, Nyangeta.

Katekista akapiga kofi. "He! Hapa padre wa zamani alisinzia! Wote wanawake!" Kweli, mtu yeyote wa Mara anajua Wankyo ni jina la kike. Nyangeta ni bibi, mama yako, sote tunamjua. Sasa Wankyo kaingiaje mahali pa baba? Katekista akacheka mpaka akafuta macho. Mimi, Baba, nilicheka kumzidi. Nikasema, "Labda alivaa suruali!" Padre hakucheka. Akasema ni kosa la kalamu, mzungu wa zamani hakujua majina ya kwetu, na nikimletea jina la mwanaume, pamoja na shahidi mmoja, yeye atakata hilo na kuandika la kweli.

Mugaya alikuwa hapa, Baba, kwenye ncha ya ulimi. Shahidi ningempata kwa chupa mbili za bia. Sijui nini kilinizuia. Labda ule wino. Nikasema nitarudi.

Robi ndiye aliyekumbuka. Nilipomsimulia kichekesho cha padre yeye hakucheka, aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Kaka, unamkumbuka yule bibi aliyekuja kwenye harusi yangu kudai mbuzi?" Nikamkumbuka. Bibi mmoja kutoka Butiama, hakualikwa, kafika na fimbo, kasema anataka mbuzi wa mwenye mji. Na wewe, uliyekuwa unabishania hata chumvi, ulikwenda zizini ukachagua mbuzi mnono ukampa, bila neno.

Nikaenda Butiama. Nilikuwa na pamba ya kupeleka Bunda, nikapinda njia kidogo. Anaitwa Bibi Wegesa. Jicho moja limekufa, la pili linafanya kazi ya mawili. Nilimkuta anabangua karanga, ugoro kwenye mdomo wa chini. Kabla sijamaliza shikamoo akasema, "Wewe ndiye unayepigaga makelele barabarani. Tumbo lako limekua kuliko akili. Kaa."

Nikakaa, nikamwambia natafuta baba wa Zakaria.

"Wankyo," akasema. Kama mtu anayekuambia leo ni Jumanne.

Nikasema, "Bibi, huyo ni mwanamke."

"Nani amekuambia hakuwa mwanamke? Alikuwa shangazi yangu. Nimeoga naye mtoni."

Ndipo akanieleza, Baba, na sijui kama nakueleza au nakukumbusha. Wankyo aliolewa hakuzaa, akarudishwa kwao na mahari ikarudishwa. Kwao wakampa shamba la mawe, afie huko polepole. Akalima ulezi. Ulezi akaubadilisha kwa mbuzi, mbuzi akawabadilisha kwa ng'ombe, mpaka zizi lake likawa la kuzungukwa, si la kurukwa. Lakini zizi bila mtoto ni la kupita, akifa ndugu wanagawana na jina linafutika kama majivu. Basi akatoa ng'ombe, zake mwenyewe, akaoa. Akamuoa Nyangeta. Nyumba ntobhu, Baba. Nilishasikia wengine wamefanya, kwenye koo za watu wengine. Mwanamke anamwoa mwanamke kwa ng'ombe, na mtoto atakayezaliwa humo ni wa aliyetoa ng'ombe, anaitwa kwa jina lake. Ukazaliwa wewe.

"Alikuwa anamwita nani?" nikauliza. "Zakaria alikuwa anamwita Wankyo nani?"

"Baba. Angemwitaje? Shemeji?"

Nikatafuta namna ya kuuliza lile jingine. Unajua lipi. Nikazunguka, nikakohoa. "Na... mwanaume je, bibi?"

"Mwanaume gani?"

"Yule... wa kuzaa."

Akatema ugoro pembeni. "Aa. Wanaume walikuwepo. Hata majogoo walikuwepo. Wewe unauliza mbegu au unauliza shamba la nani?" Halafu akanitazama na lile jicho moja. "Ng'ombe ndizo zilizomzaa baba yako. Mtoto wa ng'ombe. Hujasikia watu wakimwita?"

Nimesikia, nikasema. Nimesikia maisha yangu yote, nikadhani ni tusi.

"Wanaotukana nalo ni wale ambao baba zao hawakuwa na ng'ombe," akasema, akarudi kwenye karanga zake.

Kisha akasimama, akachukua fimbo. Akataka nimpandishe kwenye gari akamsalimie shangazi yake, hajafika tangu watu wahamishwe vijijini, na miguu haimfikishi. Nilikuwa na pamba juu, kiwandani wananisubiri, na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yamesimama kama watu wanaosubiri kuitwa. Lakini bibi ameshashika mlango wa lori, anatafuta pa kukanyagia. Ningefanyaje? Nikampandisha. Njia nzima aliishika dashibodi kwa mikono miwili, akawa ananikosoa ninavyoendesha.

Pale mahame alikwenda moja kwa moja kwenye mawe ya mwenye mji. Hakuuliza njia. Akaweka kiganja juu ya jiwe kubwa, akasema kwa lugha ya nyumbani: "Nimekuletea mjukuu. Mdomo wake mkubwa, lakini amekuja." Akanionyesha: hapa ubavuni palikuwa lango la zizi, na mwanamke hazikwi langoni mwa zizi, pale ni pa mwenye mji. "Tulimlaza kama mwanaume," akasema, "kwa sababu alilipa kama mwanaume." Kisha akaona udongo wako mpya, miguuni. Akauliza nani alichagua mahali hapa. Nikamwambia, mwenyewe.

"Basi amerudi," akasema.

Baba, hapo nilikaa chini.

Kwa sababu nilikumbuka sikio langu. Unakumbuka? Nilipanda juu ya mawe yale na muhindi wa kuchoma, nikawa nazungusha miguu. Hukuwahi kunipiga, hata nilipopoteza ndama. Siku ile ulinishika sikio ukanishusha. "Shuka. Huyo uliyemkalia ndiye aliyekufanya uwepo." Nikadhani ni maneno ya wazee tu, ya kutisha watoto.

Ulijua. Ulijua siku zote.

Na kitabu cha padre je? Nani alimwambia aandike Wankyo? Padre wa zamani hakusinzia hata kidogo. Alimuuliza mtoto aliyesimama mbele yake, baba yako nani, na yule mtoto akajibu kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia bado kwamba ni jambo la kuchekwa. Kuambiwa uliambiwa baadaye. Hilo nalo Bibi Wegesa alinipa tukiwa njiani, bila kunitazama. Wankyo alikuwaga anakusindikiza misheni kila Jumapili, na fimbo yake ya kuchungia. Watoto wa misheni wakacheka. Ukarudi unalia, ukamwomba asije tena.

Hakuja tena, akasema. Alikuwa anakusindikiza mpaka mtoni, anakaa kwenye jiwe, anakusubiri urudi.

Hapo ndipo Zakaria Zakaria alipoanzia, eti Baba? Na mimi nimekinywea bia kisa hicho. Sijakasirika kwamba ulimwomba asije. Mtoto ni mtoto. Nakasirika kwamba ulibeba mzigo huo peke yako, miaka yote hiyo, na mimi mwanao, bingwa wa kubeba mizigo Mara nzima, niko barabarani nakupigia honi. Ungeniambia. Ningecheka kwanza, ndiyo, najijua. Lakini baadaye ningenyamaza, na tungekaa wote pale kwenye mawe.

Au ulikuwa unaogopa kicheko cha kwanza.

Sasa ni Alhamisi. Nimekaa chumbani, mwenye nyumba anapiga redio, na jina ninalo. Ni jina zito kweli, na mimi ndiye linayemlemea. Nilitaka babu wa ngoma na ngao. Nilitaka Mugaya. Jumamosi nitasimama mbele ya Kisiri na mwenyekiti na vijana wa chama wanaotuambia mila za kale tuziache huko mahame, niseme babu yangu ni bibi. Robi mwenyewe, anayekupenda kuliko sisi sote, jana aliniambia kwa upole: "Kaka, si kuna yule Mugaya wa kwenye makaratasi? Nani atajua?"

Mimi nitajua. Na wewe umelala miguuni pake. Nikikuita kwa jina la Mugaya, mwenye kulala kichwani pako atasikia. Mara ya pili hiyo itakuwa tumemwambia abaki mtoni.

Basi nakuahidi, Baba. Jumamosi nitamwaga pombe na nitaita: Zakaria wa Wankyo. Wakicheka, nitangoja wamalize. Nimeshachekwa kwenye miji mikubwa kuliko kijiji chetu. Halafu nitaita tena. Nikitoka hapo nitakwenda misheni, nimwambie padre aiweke kalamu yake mfukoni, ukurasa ule hauna kosa. Na mimi nikiulizwa kadi, jina langu ni Wambura Zakaria Wankyo. Kiti kimoja cha mbele nitamwekea Bibi Wegesa, Kisiri akae nyuma yake anuse ugoro wa bibi.

Lala salama, Baba. Umeshafika, sasa ni sisi tunaokuja. Barua hii nitaikunja niisukume chini ya jiwe kubwa, msome wawili. Kama Wankyo hakusoma, msomee wewe, wewe ndiye wa misheni.

Jambo moja tu. Jumamosi honi usiisubiri. Yale mawingu ya ziwani yalitukuta pale pale mahame, lori likazama kwenye udongo mweusi mpaka ekseli, na pamba ya watu ikanyeshewa usiku kucha. Wamenifukuza kazi. Lori jipya nilikudanganya, hawakunipa, amepewa mwenye cheti, na hata lile kongwe wamenivua. Sina bahati yoyote, Baba. Nakuja kwa miguu.

Mwanao,
Wambura